Naye Anayebeba Wengine, Nani Ambebe?



Mfano wa Msamaria mwema katika Injili ya Luka, sura ya 10, tumeusikia tangu shule ya Jumapili. Mara nyingi mahubiri huishia pale Msamaria anapomhurumia mtu aliyepigwa na wanyang'anyi. Lakini ukiusoma taratibu utaona kwamba alifanya kazi kwa mpangilio. Kwanza, alimwendea majeruhi palepale alipoangukia. Pili, alimsafisha vidonda na kuvifunga. Tatu, alimpandisha juu ya mnyama wake na kumwondoa mahali pa hatari. Nne, alimkabidhi kwa mwenye nyumba ya wageni, akaacha fedha za matunzo, akaendelea na safari yake akiahidi kupita tena.

Mtu yeyote anayefanya kazi katika chumba cha wagonjwa wa dharura atakwambia kwamba hatua hizo nne ndizo anazozifuata kila siku. Tatu za kwanza tunazisifu. Ya nne tunaisahau. Msamaria hakubaki pale akikesha usiku baada ya usiku mpaka naye akaanguka. Alimshirikisha mtu mwingine mzigo ule, na hakuna mahali Bwana Yesu anapomlaumu kwa hilo.

Leo tutafakari maisha ya daktari aliyezirudisha hatua hizo katika viwanja vya vita vya Ulaya, akaonekana mtu wa ajabu kwa hatua tatu za kwanza, na akajifunza ya nne kwa shida sana. Jina lake ni Dominique-Jean Larrey, Mfaransa.

Larrey alizaliwa Julai 8, 1766, katika kijiji cha Beaudéan, chini ya milima ya Pyrenees, kusini mwa Ufaransa. Baba yake alikuwa fundi viatu, akafariki mtoto angali mdogo. Masomo yake ya kwanza aliyapata kwa padri wa kijiji chao. Alipofika umri wa miaka 13 alipelekwa mji wa Toulouse kwa baba yake mdogo, Alexis Larrey, daktari mpasuaji, naye akamfundisha kazi kwa miaka kadhaa. Tuliolelewa na ndugu baada ya kufiwa tunaelewa maana ya mlango wa namna hiyo kufunguliwa. Mwaka 1787 akaenda Paris, akajiunga na jeshi la majini, akasafiri hadi Newfoundland, kisha akarudi kuendelea na masomo ya upasuaji.

Vita vilipoanza mwaka 1792 alipelekwa kwenye jeshi lililokuwa karibu na mto Rhine. Huko akaona jambo lililomnyima amani. Kwa kanuni za wakati ule, magari ya kubebea majeruhi yalitakiwa kukaa mbali na mapigano, umbali wa kilomita nne au zaidi. Askari aliyepigwa risasi alilala pale alipoanguka hadi vita viishe. Mara nyingine ilikuwa siku nzima, mara nyingine zaidi. Wengi walikufa kwa kutokwa damu na kwa kiu, wakati madaktari wapo, dawa zipo na magari yapo. Kilichokosekana ni mtu wa kusogea karibu.

Larrey alitazama jinsi mizinga midogo ilivyokokotwa na farasi kwa kasi kutoka upande mmoja wa uwanja hadi mwingine. Akajiuliza: kama silaha ya kuua inaweza kukimbia hivyo, kwa nini msaada wa kuokoa usikimbie? Akabuni magari mepesi ya kukokotwa na farasi, yenye magurudumu mawili au manne, ambayo majeruhi wangeweza kulazwa ndani yake. Yakaitwa magari ya wagonjwa yanayoruka. Ambulensi tunayoipisha barabarani leo ni mjukuu wa magari hayo.

Lakini magari peke yake hayakutosha. Kule Italia, mwaka 1797, alipanga kikosi kamili cha watu wapatao 340. Walikuwamo wapasuaji, wasaidizi wao, waongoza farasi, fundi wa kwato na fundi wa matandiko ya ngozi. Tunaposema daktari ameokoa maisha, mara nyingi tunasahau kwamba nyuma yake kuna aliyetia mafuta kwenye gari, aliyefua mashuka na aliyechemsha vifaa. Larrey hakusahau. Alijua kwamba farasi asipopigiwa kwato vizuri, majeruhi atakufa njiani hata kama mpasuaji ni hodari namna gani.

Jambo la pili alilolifanya liligusa mioyo ya wengi, na likawaudhi wengine. Alielekeza kwamba aliyeumia vibaya zaidi ndiye atibiwe kwanza, bila kuangalia cheo wala taifa. Ofisa mwenye jeraha dogo angesubiri, na askari wa kawaida aliye katika hatari ya kufa angetangulia. Adui aliyetekwa akiwa na jeraha baya angetibiwa kabla ya Mfaransa mwenye mchubuko. Hospitali zetu leo zinafuata msingi huo. Ukifika na mgonjwa wako ukaona aliyekuja baada yako anaingizwa kwanza, usidhani mara zote ni upendeleo. Huenda muuguzi wa mapokezi ameona pumzi yake inakatika. Katika jicho la tiba ya dharura, kama ilivyo mbele za Mungu, haiulizwi wewe ni nani. Linaloulizwa ni namna ulivyoumia.

Mwaka 1798 alifuatana na Napoleon hadi Misri. Mchanga ukayashinda magurudumu, basi akatumia ngamia, akawatengenezea vitanda vya kuning'inia pande mbili ili majeruhi walazwe humo. Huko aliwatibu askari wengi waliopata ugonjwa wa macho, akaona tauni, akajifunza kwa kutazama. Katika safari ya Shamu aliona vidonda vilivyoingiwa na funza. Wengine walichukia, lakini yeye akachunguza, akaona kwamba funza wale walikula nyama iliyooza tu na kidonda kikapona upesi zaidi. Aliandika aliyoyaona. Kumbukumbu zake zilianza kuchapishwa mwaka 1812, na madaktari wa mataifa mengine wakazisoma.

Elimu yake ilipatikana hivyo: kwa kutazama, kuandika na kulinganisha. Wakati ule madaktari walibishana kama mguu uliosagwa na mzinga ukatwe mara moja au baada ya wiki kadhaa. Larrey alilinganisha waliokatwa ndani ya saa 24 za kwanza na waliocheleweshwa, akashikilia kwamba kuwahi kunaokoa wengi. Katika vita vya Eylau, Februari 1807, kwenye theluji kali, aliona kwamba waliokatwa viungo katika baridi ile walisikia maumivu kidogo. Aliona pia kwamba askari walioganda miguu kisha wakakimbilia kukaa karibu na moto mkali ndio waliopata donda ndugu. Hakuna kati ya mambo hayo aliyofunuliwa katika ndoto. Mungu alimpa macho, naye akayatumia. Maombi hayashindani na elimu ya daktari. Bwana yuleyule ndiye anayetoa vyote viwili.

Sasa tufike kwenye upande mwingine wa maisha haya.

Pale Eylau baridi ilikuwa kali kiasi kwamba vifaa vya upasuaji vilianguka kutoka mikononi mwa wasaidizi wake. Larrey aliendelea kufanya kazi, mchana hadi usiku. Mwaka 1809, katika kisiwa cha Lobau kwenye mto Danube, alibaki na maelfu ya majeruhi bila chakula wala sufuria. Akaagiza farasi wachinjwe, supu ikapikwa ndani ya dirii za kifuani za wapanda farasi, na kwa kukosa chumvi wakatia baruti. Mwaka huohuo akapewa cheo cha Baroni. Septemba 1812, katika vita vya Borodino kule Urusi, alikata viungo vya watu wapatao 200 katika muda wa saa 24. Dawa ya usingizi ilikuwa haijapatikana. Kila mmoja kati ya wale 200 alikuwa macho, akimtazama, na pengine akimwita mama yake.

Tukisoma habari kama hizi tunapiga makofi. Tunasema, huyo ndiye daktari. Lakini ngoja tutulie kidogo. Mtu aliyesikia vilio 200 katika siku moja hubaki navyo wapi? Vilio haviishi mikono inaponawiwa. Vinamfuata mtu kitandani, vinakaa naye mezani anapokula na watoto wake. Larrey alishiriki kampeni 25 na mapigano yapatayo 60. Kazi ya dharura ina utukufu wake, lakini ina bei yake, na bei hiyo hulipwa na mwili na nafsi ya mtu ambaye sisi tunamwona tu amevaa koti jeupe.

Miezi miwili baada ya Borodino, jeshi la Napoleon lilikuwa linarudi nyuma kutoka Moscow, likiwa limeshindwa na njaa, baridi na maadui. Mwishoni mwa Novemba walifika mto Berezina. Wahandisi walisimama ndani ya maji ya barafu wakajenga madaraja mawili. Maelfu ya watu wakakimbilia hapo kwa wakati mmoja, na mikokoteni, farasi na mizinga. Waliokuwa nyuma walisukuma, walioanguka walikanyagwa. Larrey alikuwa amekwisha kuvuka salama, lakini akarudi, kwa sababu vifaa vya upasuaji vilivyohitajika kwa majeruhi vilibaki ng'ambo. Alipotaka kuvuka tena, akabanwa katikati ya umati. Alikuwa karibu kusagwa.

Hapo watu wakamtambua. Jina lake likapita katika umati ule wa watu waliokuwa wakigombania uhai. Askari ambao dakika moja nyuma walikuwa wakisukumana na kukanyagana wakainua mikono yao, wakamnyanyua juu ya vichwa vyao, wakampokezana mkono kwa mkono mpaka akafika darajani, akavuka. Watu wenye njaa, waliochoka, ambao wengine wao wenyewe hawakuvuka, walimbeba mtu aliyekuwa amewabeba.

Mpendwa, rudi katika kitabu cha Kutoka, sura ya 17. Musa yuko juu ya kilima, mikono yake imeinuliwa, na Waisraeli wanapigana bondeni. Mikono ilipoinuliwa walishinda, iliposhuka walishindwa. Lakini mikono ya Musa ikawa mizito. Biblia haifichi jambo hilo, wala haisemi kwamba imani yake ilipungua. Alichoka kwa sababu alikuwa mwanadamu. Haruni na Huri hawakumkemea wala hawakumwambia aombe zaidi. Walitafuta jiwe wakamkalisha, kisha wakaishika mikono yake, mmoja upande huu na mwingine upande ule, hadi jua lilipozama. Kule Berezina ilikuwa hivyohivyo. Kuna saa ambapo mwombezi anahitaji jiwe la kukalia, na tabibu anahitaji mikono ya kumbeba.

Mwaka uliofuata, 1813, Larrey alipewa mtihani wa namna nyingine. Baada ya vita vya Lützen na Bautzen, zaidi ya askari vijana 2,000 walionekana wamejeruhiwa mikono na vidole. Wakuu wa jeshi wakashuku kwamba wamejipiga wenyewe ili wakwepe vita, kosa ambalo lingeweza kuwafikisha mbele ya kikosi cha kuwapiga risasi. Napoleon alikwisha kuamini shutuma hiyo. Wengine wangetikisa kichwa na kukubali, maana mkubwa ameshasema. Larrey aliomba muda wa kuchunguza. Yeye na wenzake wakawapima vijana wale mmoja baada ya mwingine, kisha akaleta taarifa: hakuna ushahidi kwamba wamejiumiza. Walikuwa askari wageni wa vita, wakifyatua bunduki katika safu tatu, na wa nyuma waliwajeruhi wa mbele mikononi. Napoleon alipokea taarifa ile, na vijana wakasalimika.

Tazama elimu na dhamiri zinavyokutana. Huruma bila elimu ingewalilia tu vijana wale. Elimu bila ujasiri ingejua ukweli ikanyamaza. Larrey alikuwa na vyote viwili, na akawa na utulivu wa kutosha kusema anahitaji muda. Daktari aliyechoka kupita kiasi hupoteza kwanza utulivu huo. Akili yake bado ina elimu, lakini haina nafasi ya kuitumia. Kwa hiyo tunapozungumzia afya ya daktari hatuzungumzii starehe. Tunazungumzia usalama wa mgonjwa atakayefika saa tisa usiku, na mgonjwa huyo anaweza kuwa mama yako.

Juni 1815, baada ya vita vya Waterloo, Larrey alitekwa na askari wa Prussia, akahukumiwa kupigwa risasi. Inasimuliwa kwamba daktari mmoja wa jeshi la Prussia alimtambua kwa kuwa aliwahi kuhudhuria mafundisho yake kule Berlin, akamwombea. Alipelekwa kwa jemadari Blücher, ambaye mwanawe alikuwa ametibiwa na Larrey katika vita vya nyuma, naye akamwachia huru. Kwa mara ya pili aliokolewa na matunda ya kazi yake. Mkate aliokuwa ameutupa juu ya maji ulimrudia baada ya siku nyingi.

Napoleon alipofariki uhamishoni mwaka 1821, wosia wake ulimwachia Larrey faranga 100,000 na kumtaja kuwa mtu mwadilifu kuliko wote aliowahi kuwajua. Ni sifa kubwa kutoka kwa mtu aliyezungukwa na majemadari na mawaziri.

Lakini sitaki tumalizie kwenye sifa. Larrey alimwoa Charlotte-Élisabeth Laville-Leroux mwaka 1794. Mke wake alikuwa mchoraji, mwanafunzi wa Jacques-Louis David. Miaka mingi ya ndoa yao mume alikuwa vitani, na mke akalea nyumba akisubiri barua. Hata uzeeni Larrey hakukaa. Mwaka 1842, akiwa na miaka 75, alisafiri na mwanawe Hippolyte, naye daktari, kwenda Algeria kukagua hospitali za jeshi. Wakati wa kurudi akaugua. Alifariki Lyon, Julai 25, 1842. Mke wake alikuwa amefariki siku chache tu kabla yake, na mume hakuwa pembeni yake.

Simhukumu marehemu. Maelfu waliishi kwa sababu yeye hakukaa nyumbani. Lakini tukitaka kuwa wakweli mbele za Mungu, tukiri kwamba mtu anaweza kuwahi kwa kila majeruhi wa dunia na bado asifike kwa wakati kwenye kitanda kimoja kilicho nyumbani kwake. Ile hatua ya nne ya Msamaria, ya kukabidhi mzigo na kuendelea na safari, ni ngumu kuliko zote kwa watu wenye moyo mwema. Ndiyo maana Bwana Yesu mwenyewe, katika Marko sura ya 6, mitume waliporudi wamechoka na watu wakiwa wengi kiasi kwamba hawakupata hata nafasi ya kula, aliwaita waende faraghani wapumzike kidogo. Wagonjwa walikuwa bado wapo, na wahitaji walikuwa bado mlangoni. Bado Bwana alisema mpumzike. Na Eliya, chini ya mretemu, alipoomba afe, malaika hakumpa hotuba. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena.

Ndugu zangu, katika makanisa yetu tunawaombea wagonjwa kila Jumapili, na ni vyema. Ni mara ngapi tunamwombea yule aliyekuwa zamu usiku wa kuamkia Jumapili, ambaye sasa hivi amelala, au ameketi benchi la nyuma akisinzia wakati wa mahubiri? Usimcheke. Huenda saa chache zilizopita alimfunika uso mtoto wa mtu, kisha akanawa mikono akaenda kumpokea majeruhi wa bodaboda, bila dakika moja ya kulia.

Yapo mambo tunayoweza kufanya. Tukifika hospitali na mgonjwa wetu, tusianze kwa matusi. Umoja wa akina mama unaojua kupeleka uji wodini unaweza siku moja kupeleka chai kwa walio zamu ya usiku. Mzee wa kanisa asimpe daktari kamati ya tatu kwa sababu tu ni msomi. Mke, mume na watoto wa mhudumu wa afya wasiachwe peke yao kwenye misiba na sherehe eti mwenzao yuko kazini. Na mchungaji ajue kuuliza swali, kisha anyamaze asikilize.

Nawe daktari, muuguzi, dereva wa ambulensi unayesoma safu hii: kama usingizi umekukimbia, kama umeanza kuwachukia wagonjwa uliokuwa unawapenda, kama usiku unajiwa na wazo kwamba heri usiwepo, mwambie mtu leo. Mwambie mwenzako, daktari mwingine, mshauri nasaha, kiongozi wako wa kiroho. Hilo si upungufu wa imani. Musa alikubali kukalishwa juu ya jiwe. Larrey, pale mtoni, hakusema niacheni nitavuka mwenyewe. Alikubali kubebwa, na kwa sababu alikubali, vijana wale wa mwaka 1813 walipata mtetezi.

Bwana aliyetubebea huzuni zetu awabebe wanaotubeba sisi. Jumapili njema.